Uji wa Punda

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Nunguni, kule juu Makueni ambako ukungu hukaa mpaka chai ya saa nne. Nilipostaafu nilimfuata mume wangu nyumbani kwao, upande wa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Huko ni nchi ya mbuzi, ng'ombe na punda, na maji ni ya kufuatwa mbali. Haya ninayoyasimulia yalitokea wakati wa kiangazi, mwaka wa pili tangu nihamie.

Wifi yangu, dadake mume wangu, ni mjane, na boma lake liko ng'ambo ya ua wetu. Alikuwa na punda wawili, dume na jike, aliowanunua siku moja wakiwa bado wadogo. Walibeba maji pamoja kutoka kwenye visima vya mchangani kule mtoni, na walilala wamegusana mbavu. Ukimfunga mmoja, mwingine hakwenda popote. Alisimama hapo hapo juani, akisubiri. Nyumba tano zilikunywa maji ya punda hao, na yetu ikiwemo.

Asubuhi moja nilimsikia wifi akipiga mayowe. Wezi walikuwa wameingia bomani usiku, wakamtoa yule dume, wakamchinja kichakani na kumchuna. Walichukua ngozi peke yake, maana ndiyo inayouzwa kwa magendo. Nyama yote waliiacha pale pale. Jike alikuwa ameikata kamba yake, na tulimkuta amesimama kando ya mzoga, kichwa chini, masikio yamelala. Wifi alijaribu kumvuta akagoma.

"Mwache," mume wangu akasema. "Mwache amwone mwenzake."

Akasimama hapo mpaka jua likawa kali. Kisha akarudi mwenyewe polepole, akaenda mahali walipozoea kulala, akasimama ameuelekea ukuta.

Siku hiyo hakula. Hatukushtuka sana, maana hata wifi hakula. Siku ya pili wifi alimwekea nyasi, akamwekea mabua, akamtolea hata majani mabichi aliyokuwa amewahifadhia mbuzi wanaonyonyesha. Hakuyatazama. Maji aliyagusa kwa midomo tu. Siku ya tatu kinyesi chake kilikuwa vidonge vidogo vigumu vyenye ute, na ukimkaribia usoni pumzi yake ilinuka vibaya.

Ndipo wifi akaja na kisu na majani mawili manene ya shubiri, ule mmea tunaouita kiluma. "Tumbo limefunga," akasema. "Tumnyweshe hii, lifunguke."

Nami nilikubali bila swali. Mama yangu mzazi alitibu kuku wake kwa kiluma. Aliyakata majani, akayaloweka kwenye maji yao ya kunywa, na kuku waliokuwa wamejikunyata asubuhi walikuwa wakichakura jioni. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi na nimeona matokeo. Kwa hiyo tuliyakamua yale majani ndani ya ndoo, tukaongeza maji, nikamshika punda kichwa.

Mume wangu akatokea mlangoni. "Nimempigia daktari wa mifugo simu. Yuko njiani. Ngojeni."

"Tungoje nini na dawa iko mkononi?" nikamwuliza. Nilikasirika kweli. Lakini ndoo niliiweka chini, na mpaka leo nashukuru kwamba niliiweka.

Daktari alifika kwa pikipiki, akavua kofia, tukaona ni msichana mdogo tu, umri wa kitinda mimba wangu. Alisalimia kwa heshima, kisha macho yake yakaangukia ile ndoo ya kijani.

"Mmempa hii?"

"Bado," wifi akajibu.

"Mungu ni mwema." Akachuchumaa akainusa, kisha akamwita wifi mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. "Hii ni dawa nzuri, mwaitu, sikatai. Hata mimi huwaambia watu waipake kwenye vidonda. Lakini ikiingia tumboni inaharisha, na huyu hana kitu tumboni. Mkimharisha leo, kesho mnamzika."

Wifi aliichukua ile ndoo mwenyewe akaimwaga nje ya ua.

Daktari alimpima punda bila haraka. Alimfunua midomo akatazama ufizi, akasikiliza tumbo pande zote mbili, akampapasa ubavuni muda mrefu. Kisha akamtoa damu kidogo ndani ya kichupa cha kioo, akakisimamisha kwenye dirisha lenye kivuli.

"Ana mimba," akasema. "Kubwa."

Wifi akakaa chini. Alikuwa akimshuku hivyo, lakini hakuwa na uhakika.

Baadaye daktari alituita dirishani. Ndani ya kichupa damu ilikuwa imejitenga. Nyekundu ilizama chini, na juu yake kulikuwa na maji meupe mazito kama chai ya maziwa.

"Hapo juu panatakiwa kuwa safi, ya manjano kidogo," akatueleza. "Hayo meupe ni mafuta. Punda hawezi kufunga kama ng'ombe. Akiacha kula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, yote kwa mkupuo, yanajaa kwenye damu mpaka ini linashindwa. Na mwenye mimba ndiye huenda haraka zaidi."

"Basi mchome sindano," wifi akasema.

"Nitamchoma ya maumivu, na nitamtundikia maji ya glukosi. Lakini hakuna sindano ya kumfanya ale. Dawa ya huyu ni chakula, na ni lazima apate leo." Aliponyamaza aligeuka akanitazama, na nikaona uso wake ukibadilika. "Samahani, mwaitu. Wewe si wa jikoni, pale shuleni Nunguni?"

Nikasema ndimi.

"Nilikula chakula chako miaka minne! Hujawahi kuunguza maharagwe."

Niliwahi kuyaunguza, tena zaidi ya mara moja, lakini ile haikuwa siku ya kuungama. Niliuliza anataka nini.

Alitaka uji. Alikuwa na mpira mrefu mwembamba ambao angeupitisha puani mwa punda mpaka tumboni, na uji huo ulitakiwa kuwa mwepesi, wenye nguvu, na usiwe na donge hata moja, maana donge moja lingeziba mpira na kazi yote kuharibika. "Wenye punda wengine huniletea uji ambao naweza kuuhesabu madonge," akasema. "Ninapoteza nusu saa nikichuja."

Niliingia jikoni. Nilikuwa na unga wa wimbi na wa mtama, nikauchekecha mara mbili. Nikaukoroga kwanza kwa maji baridi mpaka ukalainika wote, ndipo nikaumimina kwenye maji yaliyochemka, mkono mmoja ukimimina na mwingine haujaacha mwiko. Niliuacha uive kabisa, maana uji ambao haukuiva huleta gesi hata kwa binadamu. Nikatia sukari, chumvi kidogo, nikauchuja kwa leso safi, nikaupoza mpaka nikidondosha tone juu ya kifundo cha mkono sisikii moto wala baridi.

Daktari aliupitisha mpira, akahakikisha umeingia tumboni na si mapafuni, akaanza kumimina kwa faneli. Uji ulishuka bila kusita mpaka tone la mwisho.

"Hakuna donge," akasema. Hakuwa akiniambia mimi, alijisemea tu, lakini nilimsikia, na nilihisi mgongo wangu ukinyooka. Jikoni shuleni nilikoroga uji wa mamia ya wasichana kila alfajiri, na sikumbuki mtu yeyote akisema neno hilo kwa sauti ile.

Kabla hajaondoka alinipa maagizo. Angerudi kila asubuhi kwa siku chache na mpira wake. "Lakini mpira ni wa kumshikilia tu asianguke. Kupona ataponea kwa mdomo wake. Ni lazima atake mwenyewe kula, na kumfanya atake, hapo mimi sina ujuzi. Wewe unao." Nilimwuliza nini kinafaa na nini hakifai, akanitajia. Mahindi makavu, kidogo sana. Chochote chenye ukungu, hapana. Parachichi, hata majani yake au ganda, hapana kabisa, maana ni sumu kwa punda. Hilo sikuwa nalijua, na nyumbani kwetu tulikuwa na gunia zima la parachichi kutoka Nunguni.

Basi nikaanza. Nilijaribu majani ya kunde, na matembele aliyonipa jirani mwenye shamba karibu na kisima. Nilijaribu papai bivu, nikajaribu maganda ya mgunga ambayo mbuzi huyapigania. Punda alisimama tu na ukuta wake. Kila chakula nilikiweka kidogo kwenye sinia dogo, na baada ya muda mfupi nilikiondoa. Wifi alitaka vikae hapo, labda atabadilisha nia, lakini mimi nilikataa. Mgonjwa akishinda na sahani iliyopoa mbele yake anazidi kuuchukia mlo wenyewe.

Jioni ya siku ya nne nilikaanga pumba kavu kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, mpaka zikatoa harufu ile ya unga unaokaribia kuwa mkate. Nilipopita nazo nyuma yake, pua yake ilitikisika. Hakula, lakini pua ilitikisika, na mimi niliiona.

Kesho yake mama mmoja wa kanisani kwetu alikuja kumpa wifi pole. Alinikuta nachuja uji, akauliza ni wa mgonjwa gani. Nilipomwambia, alikunja uso.

"Watu wanalala na chai ya rangi, nawe unampa punda wimbi?"

Si swali la mtu mbaya. Mwaka ule mavuno yalikuwa yameshindwa kwa wengi, na hata mimi nilikuwa nikipima unga kwa kikombe. Neno lake lilinichoma.

"Mama, maji uliyonawa sasa hivi pale mlangoni yaliletwa na nani?"

"Na wasichana wa jirani, naona mitungi yao."

"Wamebeba mgongoni tangu huyu aache kula. Hawajaenda shule wiki nzima. Nikimpoteza huyu punda, ni nyumba tano zimepoteza maji, na wasichana hao wamepoteza muhula. Unga huu ninawapa wao."

Alinitazama, akaketi, akanishikia ncha ya leso nikamalizia kuchuja. Siku iliyofuata alileta kibakuli cha ukwaju. Hakueleza, nami sikumwuliza.

Lakini punda bado hakuwa akila kwa mdomo wake, na daktari alianza kunyamaza zaidi kila alipokuja. Siku ya sita aliniambia wazi kwamba mpira una mwisho wake, pua imeanza kuwa na kidonda.

Nilikaa jikoni nikafikiri. Nikamkumbuka msichana mmoja wa fomu wani, zamani, aliyeletwa shule wiki moja tu baada ya kumzika mama yake. Alikataa chakula. Matroni alisimama juu yake, akabembeleza, akagomba, akaahidi, na mtoto akazidi kukaza meno. Nilimwomba matroni amlete jikoni anichambulie maharagwe. Sikumwambia ale. Niliketi karibu naye, nikampa mgongo kidogo, nikala githeri yangu ya mahindi na maharagwe taratibu kama mtu asiye na wasiwasi na lolote, sahani ya pili nikaiacha kwenye benchi. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili mkono wake ukaja.

Sisi sote tulikuwa tumemzunguka punda huyu kama matroni. Tulimsimamia na kumsihi, tukampelekea vitu mdomoni. Nikawaambia wote waondoke. Nilichukua kigoda, nikakiweka hatua tatu kutoka kwake, nikaketi nimempa mgongo. Nilikuwa na ndizi mbivu zilizotoka kwetu milimani, Nunguni. Nikamenya moja, nikala, na ganda nikalidondosha kwenye sinia nyuma yangu. Nikamenya ya pili. Nilikula polepole, nikivuma wimbo wa kanisani kwa mdomo uliofungwa. Nilikula ndizi nne, na sikuwa na njaa hata kidogo.

Nilisikia kwato. Hatua moja. Kisha kimya kirefu. Kisha hatua nyingine, na pumzi yenye joto ikanigusa begani. Sikugeuka. Nilimenya ndizi ya tano. Ndipo nikasikia sinia likikwaruza ardhini, na ganda la ndizi likitafunwa.

Nilipoinua macho wifi alikuwa amesimama nyuma ya ua, viganja vyote viwili mdomoni, machozi yakimtoka. Nami nililia, kimya kimya, nisimshtue mlaji.

Tangu hapo ikawa kazi ya kuongeza. Maganda ya ndizi yalifungua njia, nyuma yake zikafuata pumba za kukaanga zilizoloweshwa kwa maji vuguvugu ya ukwaju na sukari kidogo, halafu matembele yaliyokatwakatwa, halafu maganda ya mgunga, na mwishowe nyasi za kawaida. Nilimlisha mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Mgongoni alikuwa na kidonda cha zamani cha kamba za mitungi, nikakiosha kila asubuhi kwa maji ya mwarobaini yaliyochemshwa na chumvi, kisha nikapaka ule utomvu laini wa ndani wa kiluma. Daktari alikitazama kidonda kikijifunga akasema, "Sasa hiyo ndiyo kazi yake, mwaitu." Kisha akaniomba nimweleze vile ninavyochemsha mwarobaini, akaandika kwenye daftari lake. Nilimwambia maneno ya mama yangu kama nilivyoyasikia jikoni kwake, na yeye aliandika kila neno, ingawa baadaye alisema kwamba angependa chumvi ipunguzwe.

Baada ya siku kumi hivi alimtoa damu tena. Tulisimama dirishani sote, mume wangu naye, tukingoja kichupa kitulie. Nyekundu ilizama. Juu pakabaki maji safi ya manjano, unaona kidole upande wa pili. Daktari alikichukua kile kichupa akaniwekea mkononi.

"Hii ni kazi yako," akasema.

Nilikishika juani nikakitazama mpaka mume wangu akaniuliza kama nataka kukiweka ukutani kama picha.

Mvua zilipoanza, wifi aliniita asubuhi na mapema. Mtoto alikuwa amesimama tayari, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko uso, akisukuma kiwele cha mamake kwa nguvu za mtu mwenye haki zake. Mamake alikuwa akitafuna nyasi. Nilikaa kwenye kile kigoda nikawatazama wote wawili mpaka jua likapanda. Wasichana wa jirani walikuwa wamesharudi shule.

Habari hizi husambaa. Watu wakaanza kuja na vyao, mbuzi aliyekataa mtoto, ndama anayeharisha, mbwa aliyekonda. Nikijua la kufanya nafanya, nisipojua namwambia mtu ampigie daktari, na daktari naye ananipigia mimi kukiwa na mnyama asiyetaka kula. Kwa namna hiyo tumekuwa kama watu wa ofisi moja.

Mwaka uliofuata aliniomba niende naye kwenye mkutano wa wafugaji karibu na Kiboko, kule chini Makueni, kwenye barabara ya Mombasa. Ni safari ya karibu siku nzima kutoka kwetu. Nilibeba sufuria yangu, mwiko wangu na leso mbili mpya. Daktari alizungumza kwanza, juu ya ini na mafuta na mimba, watu wakimsikiliza. Kisha akasema, "Sasa atawafundisha mwalimu wangu," akanionyesha mimi.

Nilizungumza Kikamba, maana Kiswahili changu cha jikoni hakitoshi kwa hadhara. Nikawasha moto mbele yao. Niliwaonyesha jinsi ya kuchekecha unga, jinsi ya kuukoroga baridi kwanza, wakati wa kuondoa sinia, na jinsi ya kumpa mnyama mgongo ukila ndizi. Hapo walicheka sana. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza, "Na wewe ulisomea wapi udaktari?"

"Mimi ni mpishi," nikamjibu. Nilisema kwa sauti ya kutosha hata wa nyuma wasikie.

Mama mmoja akanifuata kando, akanieleza juu ya punda wake aliyeanza kuacha chakula tangu juzi, na daktari akachukua namba yake hapo hapo. Wengine walibaki karibu na sufuria wakiulizana kama uji ule ni wa punda peke yake. Yule mzee akaomba kikombe akaonja, akaonja tena, kisha akawapitishia wenzake. Tulipofungasha kuondoka, sufuria ilikuwa tupu, imekombwa kwa mwiko.